Sura ya Sita: Kutoka Chalinze hata Kyela

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa basi la alfajiri kwenda nyanda za juu za kusini huzipita, kabla jua halijatua, nchi ambazo babu zetu walizipita kwa miguu kwa majuma mengi, toka joto la pwani lenye minazi na mikorosho hata baridi ya Makambako, ambako mwezi wa Juni watu hujifunika makoti mazito na watoto huota moto wa magunzi mlangoni. Na kwa kuwa mwendo ni wa haraka kiasi hicho, aghalabu hufika mwisho wa safari akiwa ameyaona mengi kwa kioo cha dirisha na hakuonja hata moja, wala hakusikia rai ya mtu yeyote ila ya kondakta. Naiona hali hiyo kuwa hasara kubwa. Barabara hii, kwa masafa yake yote yapitayo kilomita 900 mpaka Kyela, ni soko moja lililonyoshwa, na sokoni bidhaa haiji peke yake: huja na fikira za aliyeilima, malalamiko yake juu ya bei, dua yake juu ya mvua, na hukumu yake juu ya watu wa mjini wanaokula jasho lake bila ya kulijua.

Njia yenyewe ina tarehe inayostahili kukumbukwa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitwalia madaraka na kujiita huru, na nchi ya Zambia, isiyo na bahari, ambayo shaba yake ilitoka na mafuta yake yaliingia kwa njia za kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Ndipo malori yalipoanza kubeba mapipa ya petroli kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya udongo, iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope la kumeza magurudumu wakati wa masika, na ajali zake zikawa nyingi hata madereva wakaipa njia hiyo jina la Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa mkopo na mafundi wa China baina ya mwaka 1970 na 1975. Kwa hivyo lami tunayoipita leo kwa starehe haikutandikwa kwa ajili ya vitunguu wala mchele. Ilitandikwa kwa ajili ya kumnusuru jirani. Vitunguu na mchele vilikuja baadaye, vikaikuta njia tayari, vikaitumia. Na wenye kuvilima wakakuta kwamba mnunuzi aliyekuwa mbali amekuja mpaka shambani, jambo lenye heri, na amekuja na kipimo chake mwenyewe mkononi, jambo ambalo nitalieleza mbele.

Chalinze ni njia panda, na kila njia panda ina haraka yake. Mkono mmoja huelekea Tanga, Moshi na Arusha, na mwingine Morogoro, na pale katikati mabasi husimama kwa dakika chache tu, vijana wakayazunguka wakiinua juu madirishani mahindi ya kuchoma, korosho, mayai ya kuchemsha, maji baridi na mananasi yaliyomenywa na kutiwa katika mifuko, mengi yakiwa yametoka Kiwangwa. Sina mengi ya kusema juu ya chakula cha Chalinze, kwa sababu mtu hali pale, hunyakua tu. Lakini kabla ya kufika hapo msafiri amekwisha kuvuka mto Ruvu, na huo ni mto wa kutazamwa kwa adabu, maana chimbuko lake ni milima ya Uluguru, na maji yake ndiyo yanayochotwa Mlandizi na Bagamoyo na kusafishwa, kisha yakapelekwa mabombani mwa Dar es Salaam. Mtu wa mjini aliyekunywa maji asubuhi na kupanda basi anaifuata njia ya maji yale kwa kinyume, na saa chache baadaye milima iliyoyatoa humtokea mkono wa kushoto, juu ya mji wa Morogoro, imefunikwa mawingu, vilele vyake vikipita mita 2,600.

Waluguru wanawake hushuka kutoka miteremko hiyo na vikapu vya ndizi, karoti, kabichi na matunda ya kila msimu. Katika stendi ya Msamvu nilikula kwa mama ntilie mmoja wali wa maharage uliotiwa nazi, wenye mchicha pembeni, na niliposifu mapishi yake alinijibu, "Baba, sifa kidogo uzipeleke juu mlimani. Huko wakikata miti, mchicha huu hatutauona, na nyinyi Dar mtakosa hata maji ya kunawia." Niliyasikia maneno hayo kwa namna mbalimbali karibu kila kituo: kila niliyeongea naye aliijua mito yake, alijua inatoka wapi na inakwenda kumnufaisha nani, nasi tunaonufaika hatujui hata majina yake.

Baada ya Morogoro nchi hushuka tena na kukauka. Doma ni mahali pa nyanya. Huuzwa kandokando ya lami katika ndoo na matenga, nyekundu na ngumu. Kisha barabara huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwa kiasi cha kilomita 50 mtu huwa mgeni wa wanyama bila ya kulipa kiingilio. Hapo madereva wameamrishwa kupunguza mwendo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Katika mbuga ya Mkata nimeona pundamilia na swala pala wakila majani karibu na lami, twiga akivuka kwa taratibu ya mwenye nyumba yake, na tembo wamesimama mbali chini ya mti. Basi zima hunyamaza, kisha hulipuka kwa mabishano. Abiria mmoja husema hii ni neema ya Mungu na fedha ya nchi. Mwingine, aliyetoka katika vijiji vya mpakani mwa hifadhi, humjibu kwamba neema hiyo hutoka usiku kula mahindi yake, na akipeleka habari huambiwa asubiri. Wote wawili wasema kweli. Nani angeipenda nchi isiyo na tembo? Lakini mapenzi ya tembo yasiyomgharimu mpenzi chochote, yakamgharimu mwingine shamba lake lote kwa usiku mmoja, ni mapenzi yanayohitaji kufanyiwa insafu.

Nafika sasa Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo ningemwomba kila msafiri ashuke garini. Hapa mikoa ya Morogoro na Iringa hukutana, Ruaha Mkuu hupita bondeni, na mibuyu hujaa juu ya vilima kwa maelfu, mingine minene hata watu kadhaa wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Wakati wa kiangazi, miti mingine yote ikiwa imepukutisha majani, bonde hili huwa na rangi ya majivu na shaba, na joto lake hupanda kutoka ardhini. Lakini kando ya maji kuna ukijani uliokolea, nao ni wa mashamba ya vitunguu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni vyekundu, vikavu, vikali, vya kudumu. Vikitundikwa katika nyavu zao juu ya miti ya vibanda, barabara yote huwa imepambwa, na harufu yake humfikia msafiri kabla ya kuviona. Chakula cha hapo ni ugali na samaki wa kukaanga, perege au kambale, na kachumbari yenye vitunguu hivyo hivyo vilivyokatwa wakati ule ule, ndimu na pilipili. Na mimi, niliyelelewa penye bahari na samaki wa kila aina, nathubutu kusema kwamba sijala kachumbari iliyoishinda hiyo.

Hapo ndipo nilipoonyeshwa lumbesa. Mzee mmoja mkulima, niliyemwamkia shikamoo akaniitikia na kunisogezea kigoda, alilinyoshea kidole gunia lililosimama kando ya lori. Gunia lilikuwa limejaa hata mdomoni, kisha juu ya mdomo limeongezwa kilemba cha wavu, kikashonwa kwa kamba, kikajazwa tena, hata mzigo ulioitwa gunia moja ulikuwa unakaribia kuwa gunia moja na nusu. "Mwanangu," akasema, "hilo ni gunia moja. Bei yake ni ya gunia moja. Hicho kilemba hapo juu, hicho ni sadaka yangu kwa tajiri." Nilimwuliza kwa nini asikatae. Akasema vitunguu vimekwisha kung'olewa, mvua ikivikuta vitaoza, lori limekuja moja, na dalali aliyelileta ndiye huyo huyo atakayelileta kesho. Atakayekataa leo, kesho lori litapita mlangoni pake bila ya kusimama.

Sheria ya vipimo ya nchi hii imekataza jambo hilo, na imeweka kwamba gunia la mazao lisipite kilo 100. Wakala wa Vipimo wapo, viongozi wa wilaya na mikoa wamelipigia kelele miaka nenda miaka rudi, na kilemba bado kinashonwa. Nami nikikaa pale kigodani nilikumbuka kwamba tangu nitoke Dar es Salaam nilikuwa nimepita mizani ya serikali, pale Vigwaza, na mbele yangu ningepita nyingine nyingi hata Makambako na zaidi. Kila lori zito husimama, hupanda juu ya chuma, hupimwa kila ekseli, na likizidi hutozwa faini, kwani sheria ya Afrika Mashariki haitaki lori na mzigo wake vizidi tani 56, ili lami isije ikavunjika. Ni sheria njema na naiunga mkono. Lakini basi lami imepata mlinzi, na mkulima je? Gunia lile lile la lumbesa hupimwa likiwa juu ya lori kwa ajili ya kuihurumia barabara. Halipimwi likiwa chini kwa ajili ya kumhurumia aliyelijaza. Tangu pale Ruaha Mbuyuni fikira hiyo haikuniacha, na kila chakula nilichokula mbele ya hapo nilikila nikijiuliza kilipimwa na nani.

Kutoka bondeni barabara hupanda Kitonga. Ni mpando wa pinda kwa pinda, mlima mkono mmoja na shimo mkono wa pili, malori yakipanda kwa mwendo wa mtu mzima atembeaye, utingo akiwa tayari na gogo la kutia chini ya gurudumu gari likirudi nyuma. Hewa hubadilika hapo kwa ghafla. Chini mtu alikuwa akijipepea. Juu, Ilula, hutafuta koti. Ilula nayo ni nchi ya nyanya na vitunguu, na maneno ya wakulima wake ni yale yale.

Iringa umejengwa juu ya mwinuko, mawe makubwa yakiuzunguka, na watu wake Wahehe ni wapole wa kauli na wenye heshima ya maamkizi hata mgeni huona haya kupita bila ya kusema "kamwene". Hawa ndio waliomshinda Mjerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, karibu na njia hii tunayoipita, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliyatokea majeshi ya Emil von Zelewski kwa mikuki na kuyaangamiza, na kamanda mwenyewe akafa. Ngome ya Kalenga ilipigwa mizinga na kutekwa mwishoni mwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa hakukamatwa. Alipigana porini mpaka mwaka 1898, na alipoona amezungukwa alijiua kwa risasi asije akaingia mikononi mwa adui hali yu hai. Kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani, kikatajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba kirejeshwe, na hata hivyo hakikurejeshwa ila mwaka 1954, Gavana Twining alipokileta Kalenga, ambako kimehifadhiwa katika makumbusho. Kalenga si mbali na mjini, na mabasi ya wasafiri wa mbali hayaendi huko. Nawasihi wenye magari yao wageuze usukani. Kadhalika Isimila, penye nguzo za mchanga zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale zilizotapakaa chini, ni mahali ambapo mtoto wa shule akipelekwa mara moja hatapasahau.

Huku ndiko kuliko ulanzi, utomvu wa mianzi inayochipua wakati wa mvua, ambao hukingwa kwa kukata ncha ya chipukizi na kuifungia chombo. Asubuhi huwa mtamu na mpole, jioni huwa umekwisha chacha na kuwa pombe. Dini yangu hainiruhusu kueleza ladha ya jioni. Lakini kazi ya ukingaji nimeiona, mgemaji akiamka mapema na kukata upya kila ncha kwa kisu chembamba, na ni kazi ya mikono miangalifu, inayorithiwa na yenye heshima yake. Chakula cha Iringa ni ugali wa mahindi meupe, kuku wa kienyeji aliyepikwa polepole, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Chakula kisicho na viungo vingi, ambacho mtu wa pwani hukishangaa kwa dakika tano za kwanza, kisha huomba aongezwe.

Mafinga ni misonobari na mbao, msitu wa Sao Hill ukiandamana na barabara hata macho yakachoka, na chai ya Mufindi imo nyuma yake. Makambako ni upepo. Hapo reli ya TAZARA hukutana na lami, njia ya Njombe na Songea huchepuka, viazi mviringo huuzwa kwa ndoo, na magunia ya viazi yanayosubiri malori yamevaa vilemba vile vile nilivyoviona bondeni, tena virefu zaidi.

Baada ya hapo barabara huteremkia Usangu, na hapa pana habari ya kutuliwa. Mito inayotoka milima ya Kipengere na Poroto humiminika katika uwanda huu mpana, na kwa kilomita nyingi, Igawa, Chimala, Igurusi, kilimo ni mpunga, na vinu vyake vya kukobolea vinavuma mchana kutwa kando ya njia. Maji yanayobaki hukusanyika katika tindiga la Ihefu, hutoka hapo yakiitwa Ruaha Mkuu, hupita katika Hifadhi ya Ruaha, huingia bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, yakizungusha mitambo ya umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo, ambao wazee waliujua haukauki, umekuwa ukikatika hifadhini wakati wa kiangazi, viboko wakibanana katika madimbwi. Lawama zilielekezwa Usangu. Wafugaji waliondolewa, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mama mmoja mwenye shamba la mpunga karibu na Igurusi, aliyekuwa akipepeta mchele huku akizungumza, aliniambia, "Wanasema tunakunywa maji ya tembo. Haya. Mchele huu unakwenda Dar. Taa za Dar zinawashwa na maji hayo hayo. Sasa na nyinyi mnakunywa maji ya nani?" Sikuwa na jibu la haraka, wala sidhani liko jibu la haraka. Niaminivyo mimi ni kwamba mto lazima urejee, kwani mto ukifa hapatakuwa na mpunga, wala umeme, wala tembo wa kubishania. Na kwamba mifereji isiyovuja, na malango yanayofungwa mavuno yakiisha, vina faida zaidi ya amri za kuhama. Lakini anayekula wali Dar es Salaam na kumlaumu aliyeulima hajatenda haki.

Mbeya niliupita kwa haraka, nikageuka Uyole kuelekea kusini, na nchi ikageuka nayo. Rungwe, mlima wa volkano uliolala, hukaribia mita 3,000, na mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hata hapana mahali penye udongo mtupu: migomba, chai, maparachichi, viazi, kahawa, vyote vimesongamana mpaka ukingoni mwa lami. Mto Kiwira hupita chini ya Daraja la Mungu, upinde wa mwamba ulioachwa na volkano, watu wakapita juu yake. Kwa Wanyakyusa nilikaribishwa mbalaga, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama hata zikawa laini na kushika mchuzi wake, na niliposema "ndaga", yaani asante, wenyeji walicheka kwa furaha wakaniongezea sahani.

Kisha njia huporomoka hata Kyela, na joto la pwani hurejea, minazi haipo ila mikakao na mpunga. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake, na sisi wa pwani tunaoona kwamba wali bila ya nazi umepungukiwa, hatuna budi kukiri mbele ya sahani ya Kyela kwamba huo hauhitaji ila chumvi na mafuta kidogo. Uliliwa pamoja na mbasa wa Ziwa Nyasa, samaki mwenye nyama tamu na miiba mingi, na Matema, ufukoni, chini ya milima ya Livingstone, vyungu vyekundu vya Wakisi vilikuwa vimepangwa mchangani vikisubiri wanunuzi. Mwenye duka mmoja wa Kyela alinieleza kwamba mchele wa mbali hununuliwa mahali pengine, ukachanganywa, ukauzwa mijini kwa jina la Kyela. Hilo nalo ni suala la kipimo, ila hapa kinachoibwa ni jina.

Haja yangu basi ni ndogo, na haihitaji fedha nyingi. Mahali panapouzwa mazao kandokando ya barabara hii, Doma, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Makambako, Igurusi, pawekwe mizani ya hadhara, iliyokaguliwa, penye uwanja wa magari kusimama nje ya lami ili watoto wasiuze mahindi baina ya magurudumu, na pasiondoke gunia ambalo halikupanda juu yake. Halmashauri zinatoza ushuru wa mazao hapo hapo. Zina wajibu wa kupima kile zinachokitoza. Na wewe msomaji, utakapopita njia hiyo, shuka, amkia watu, kula kinachopikwa, na ukitaka kununua, nunua kwa kilo.